Maji yamerudi Rugezi, sasa tumkumbuke aliyeacha shamba

Nilizaliwa mwaka 1979 huko Karagwe, mkoani Kagera, Tanzania, katika familia ya wakimbizi Wanyarwanda. Kisima cha kijiji kilipokauka tulikuwa tukishuka hadi mto Kagera kuchota maji, na marehemu baba yangu hakuacha kutukumbusha: "Wanangu, maji haya yanatoka kwetu. Mnayanywa kabla ya kuiona nchi yenyewe." Sisi watoto tulidhani ni maneno ya mzee aliyezidiwa na hamu ya nyumbani. Kumbe alikuwa akitufundisha jiografia.

Sehemu ya maji hayo huanzia katika bonde la Rugezi, kaskazini mwa Rwanda, katika wilaya za Burera na Gicumbi. Yakitoka Rugezi huingia ziwa Burera, yakatelemka hadi ziwa Ruhondo, yakafuata mto Mukungwa, kisha Nyabarongo, kisha Akagera, hadi yanapowafikia watu wa Ngara, Karagwe na Kyaka na kumwagika katika ziwa Victoria. Kwa zaidi ya miaka 20 nimekuwa mwalimu wa Kiswahili katika vilima vinavyolitazama bonde hilo. Na kabla sijasema lolote juu ya mtu mwingine, nikiri langu: mimi ni mmoja wa watu waliowahi kulikausha.

Ndugu msomaji, najua wengi wenu mnaosoma ukurasa huu ni watu mliorudi kama nilivyorudi mimi, au ni wafanyabiashara mnaovuka mpaka kila wiki. Suala la bonde lenye maji mnaweza kuliona ni la wataalamu wa mazingira na wageni wenye darubini za kutazamia ndege. La hasha. Ni suala la shamba, la umeme na la soko, na nitajaribu kulieleza kwa mpangilio huo.

Nilirudi mwaka 1999, nikiwa na miaka 20 na cheti cha kidato cha nne. Itakumbukwa kuwa Mkataba wa Arusha wa mwaka 1993 uliwashauri wakimbizi waliokuwa nje kwa zaidi ya miaka kumi wasidai ardhi zao za zamani zilizokwisha kukaliwa na wengine. Lilikuwa jambo la busara kwa ajili ya amani, na familia yetu ililikubali. Lakini kukubali hakushibishi. Kilima alichokuwa akikitaja baba kilikuwa na watu wake, na sisi tulitafuta pa kulima popote palipoonekana pana nafasi. Kila kilima kilikuwa kimejaa mashamba hadi kileleni, na bonde peke yake ndilo lililoonekana tupu.

Wenyeji walikwisha kututangulia. Sehemu za Rugezi zilikuwa zimeanza kuchimbwa mifereji miaka mingi nyuma ili maji yatoke na viazi viingie. Nilipewa kipande pembeni mwa bonde kwa makubaliano ya mdomo, nikanunua jembe na sururu, nikachimba mfereji wangu nikauunganisha na wa jirani. Maji yakaondoka kama yaliyokuwa yakisubiri ruhusa. Chini yake ulikuwapo ule udongo mweusi, mwepesi, wenye nyuzinyuzi za majani na mizizi ya kale, ambao kwa Kinyarwanda tunauita nyiramugengeri. Mavuno mawili ya kwanza ya viazi mviringo yalinifanya nijione tajiri. Niliwaandikia ndugu zangu waliobaki Karagwe waje haraka, kuna ardhi isiyo na mwenyewe.

Msimu wa tatu mambo yalibadilika. Udongo uliokuwa laini ulipasuka nyufa, ukawa kama unga wa mkaa, ukipigwa na upepo unaondoka. Nguzo za uzio wangu, ambazo nilikuwa nimezizamisha vizuri, zilianza kuonekana kama zinapanda juu mwaka hadi mwaka. Nilidhani kuna mtu anazing'oa usiku. Baadaye nikatambua kwamba nguzo hazipandi, bali ardhi ndiyo inayoshuka. Kila ardhi iliposhuka ililikaribia tena maji, na ilinibidi kuuchimba mfereji zaidi, na kila nilipouchimba zaidi ardhi ilishuka tena. Viazi vikawa vidogo kama kokoto. Wale ndugu wa Karagwe walipofika walinikuta naazima mbegu.

Siku hizi nawaeleza wanafunzi wangu sababu yake kwa njia nyepesi. Mafunjo na nyasi za bondeni zikifa ndani ya maji hazipati hewa ya kuziozesha, hivyo hujikusanya tabaka juu ya tabaka. Kazi hiyo ni ya polepole sana, kama milimita moja kwa mwaka. Kwa hiyo mita moja ya nyiramugengeri ni akiba ya takriban miaka 1,000. Ukiyaondoa maji, hewa inaingia, na kilichokuwa kimehifadhiwa kinaanza kuoza na kupaa angani kama moshi usioonekana. Huo ndio ukaa unaosemwa kila siku katika mikutano ya tabianchi. Ardhi za namna hii ni kama asilimia 3 tu ya nchi kavu ya dunia, lakini zimebeba ukaa mwingi kuliko miti ya misitu yote ya dunia ikijumlishwa pamoja. Jirani zetu wa Kongo wanayo hazina kubwa ajabu: mwaka 2017 wanasayansi walitangaza kwamba mabonde ya kati ya nchi mbili za Kongo yana zaidi ya kilomita za mraba 145,000 za udongo huu, zenye kama tani bilioni 30 za ukaa. Rugezi, lenye hekta zipatazo 6,700 na lililo juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ni dogo sana mbele ya hilo. Lakini dogo hilo lilitupa somo kubwa.

Somo lilikuja kwa njia ya giza. Kati ya maziwa Burera na Ruhondo kipo kituo cha umeme cha Ntaruka, kilichojengwa mwaka 1959, chenye uwezo wa megawati 11 na ushee. Kinategemea maji yanayoporomoka kutoka ziwa la juu kwenda la chini. Rugezi ni kama sifongo juu ya ziwa hilo: wakati wa mvua hunywa, wakati wa kiangazi huachilia kidogo kidogo. Sifongo ilipokatwakatwa mifereji, maji ya mvua yalipita kwa kishindo na tope lake, na kiangazi hapakuwa na cha kuachilia. Kufikia mwaka 2004 ziwa Burera lilikuwa limeshuka vibaya na Ntaruka kikazalisha sehemu ndogo tu ya uwezo wake. Nchi iliingia katika mgao wa umeme, na serikali ikalazimika kukodi majenereta ya dizeli kwa gharama kubwa.

Sitaki kumtwisha mkulima mzigo wote. Mvua zilikuwa haba miaka hiyo, na uendeshaji na matengenezo ya kituo pia yalitajwa miongoni mwa sababu. Lakini mifereji ilikuwamo, na mmoja wa mifereji hiyo ulikuwa wangu. Shuleni kwetu hatukuwa na umeme, hivyo giza lenyewe halikutugusa. Liliwagusa wenye vinu, wenye saluni na mafundi wa kuchomelea mjini. Mimi niliona tu kwamba bei ya kusaga mahindi imepanda, nikanung'unika kama wengine, bila kujua kwamba kipande cha sababu kilikuwa shambani mwangu.

Serikali ikachukua hatua. Sheria ya mazingira ikapitishwa mwaka 2005, na mwaka huohuo Rugezi likatajwa kuwa eneo la kwanza la Rwanda katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi zenye maji. Kilimo na malisho ndani ya bonde vikapigwa marufuku. Mifereji ikaachwa izibe na mingine ikazibwa. Kuzunguka bonde ikapandwa mianzi na miti, na vilimani yakachimbwa matuta ya ngazi ili udongo usitelemke.

Ni kweli isiyo na shaka kwamba kazi hiyo ilizaa matunda. Maji yalirudi, ziwa likapanda, na katika miaka michache Ntaruka kikarudi kufanya kazi kwa uwezo wake. Mafunjo yalifunika makovu ya mifereji haraka kuliko nilivyotarajia. Korongo wenye taji, ambao kwa Kinyarwanda ni imisambi, wanaonekana asubuhi wakitembea kama wakaguzi wa shule. Mtu akiuliza kama bonde lililokaushwa linaweza kurudishiwa uhai, mwambieni apande gari aje Burera.

Lakini hadithi hii ina ukurasa wa pili ambao hausomwi sana kwenye mikutano. Amri ilikuja ghafla. Yapo mashamba yaliyoachwa yakiwa na viazi ardhini. Mimi nilikuwa na mshahara, ingawa mdogo, hivyo nilikunja jembe langu nikaenda zangu. Jirani yangu wa bondeni, mama mjane mwenye watoto wanne, hakuwa na mshahara. Siku ile alisimama ukingoni akiwa na kikapu kitupu, akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mwalimu, wewe unasoma vitabu. Niambie basi, huo umeme unaokwenda mjini, watoto wangu wataula na nini?"

Sikuwa na jibu. Nathubutu kusema kwamba hata leo jibu kamili halijapatikana.

Tusidanganyane kuhusu matuta ya ngazi. Ni kazi nzuri, lakini tuta jipya huwa limegeuza udongo, la chini limekuja juu, na msimu wa kwanza na wa pili mavuno huwa hafifu mpaka samadi iingie ya kutosha. Samadi inataka ng'ombe, ng'ombe anataka majani, na majani yalikuwa bondeni ambako hairuhusiwi kuingia. Ndiyo maana alfajiri ukipita pembezoni utakutana na mtu mwenye mzigo wa nyasi kichwani akikimbia kama mwizi. Ukipita tena baada ya mwaka utaona kaukingo ka viazi kamesogea hatua mbili ndani ya mafunjo. Si watu wabaya. Ni majirani zangu, na baadhi ni wazazi wa wanafunzi wangu. Marufuku peke yake hailindi bonde. Mlinzi anaweza kusinzia, lakini njaa haisinzii.

Hoja yangu ni nyepesi. Bonde lililorudishiwa maji litadumu likiwa na maji pale tu litakapowalisha watu wa kilimani likiwa na maji hayohayo. Tumezoea kufikiri kwamba njia ni mbili tu, ama kukausha na kulima, ama kufunga na kulinda. Ipo njia ya tatu, nayo ni kuvuna kile ambacho bonde lenyewe linapenda kuotesha. Tumekuwa tukiyalazimisha maji yafuate zao la mkulima, na sasa wakati umefika kwa mkulima kutafuta zao linaloyafuata maji.

Wenzetu wameanza. Indonesia iliungua vibaya mwaka 2015. Zaidi ya hekta milioni mbili na nusu ziliteketea, sehemu yake ikiwa ni udongo wa namna hii uliokaushwa kwa mifereji ya mashamba makubwa, na moshi wake ukafunika hadi nchi jirani. Mwaka uliofuata serikali yao iliunda chombo maalumu cha kuziba mifereji na kurudisha maji, na wakulima wakahimizwa kurudia mimea inayostahimili maji kama vile msago, mti ambao shina lake hutoa wanga wa chakula. Ujerumani, nchi iliyokausha karibu mabonde yake yote ya aina hii kwa karne kadhaa, sasa inajaribu kuotesha matete na mimea mingine ya majini kwa ajili ya kuezekea nyumba na kutengenezea mbao za ujenzi, na hata kufuga nyati wa maji katika malisho yaliyoloweshwa. Hao ni matajiri na bado wanaona aibu ya kupoteza udongo wao. Sisi tusio na akiba tunasubiri nini?

Kwa Rugezi sihitaji kuagiza mmea kutoka ng'ambo. Mafunjo yapo. Yakikatwa kwa zamu, kipande hiki mwaka huu na kile mwaka ujao, bila kung'oa mizizi na bila kuchoma moto, huchipua tena yenyewe. Yanatoa mikeka, vikapu, mapaa ya vibanda na kamba. Zipo nyasi za pembezoni zinazoweza kukatwa na kupelekwa kwa ng'ombe wa zizini, samadi yake ikapanda kwenye matuta yale yanayoilia. Upo ufugaji wa nyuki, ambao wapo wenzetu walioujaribu kuzunguka bonde baada ya mwaka 2005, nao nyuki hadai hata kiganja cha ardhi kavu. Nakiri kwamba hakuna kati ya hivi kitakachomtajirisha mtu kwa msimu mmoja kama viazi vyangu vile viwili vya mwanzo. Lakini hakuna pia kitakachomwacha baada ya msimu wa tatu akiwa na vumbi jeusi mkononi. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na hapa kwetu mbachao ni mkeka wa mafunjo kwa maana kamili ya neno.

Sasa niwageukie ndugu zangu wafanyabiashara wa mpakani. Mkeka hauna thamani kama hauna mnunuzi. Ninyi mnaopita Cyanika kwenda Kisoro, na Gatuna kwenda Kabale, ndio mnaojua nani anataka mkeka wa ukubwa gani na kwa bei gani. Mama wa bondeni hajui. Yeye anamuuzia mtu wa kwanza atakayepita na baiskeli, kwa bei ya mtu mwenye njaa. Mkipanga naye mapema, mkampa vipimo na siku ya kuja kuchukua, atakata mafunjo ya kutosha oda yenu badala ya kufyeka ovyo akibahatisha. Biashara iliyopangwa vizuri ni hifadhi ya mazingira ingawa haiitwi hivyo.

Lakini tukumbuke pia yaliyotupata. Biashara yetu na Uganda ilipokwama kuanzia Februari 2019, hadi Gatuna ilipofunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022, niliona mikeka ikirundikwa ndani ya nyumba hadi panya wakaifanya makazi. Baadhi ya waliokuwa wameanza kuishi kwa mafunjo walirudi kwenye jembe, na jembe likarudi bondeni. Fundisho ni kwamba vyama vya ushirika vya bondeni visitegemee lango moja. Soko la Musanze, la Kigali, la Goma, yote yatafutwe wakati mpaka ukiwa wazi, si siku ukifungwa.

Na mkivuka kwenda Kabale, nawaomba mtazame nje ya dirisha. Mabonde mnayoyaona yakiwa malisho ya ng'ombe na mashamba ya mboga yalikuwa mafunjo matupu. Ukaushaji wake ulianza enzi za ukoloni na ukaendelea baada ya uhuru. Yametoa maziwa na viazi, siwezi kukana. Lakini Uganda yenyewe iliona hatari ya kukausha mabonde, ikatunga sera yake ya taifa ya ardhi zenye maji mwaka 1995, miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kufanya hivyo. Nchi iliyokausha ikaanza kujuta, na sisi tusiingie njia waliyokwisha kuona mwisho wake.

Lipo jambo jingine ambalo haifai kulinyamazia. Wakati Rugezi linalindwa ili litoe umeme likiwa na maji, mahali pengine nchini udongo uleule umechimbwa na kuchomwa ili utoe umeme. Kituo cha Gishoma, wilayani Rusizi, kilijengwa kwa uwezo wa megawati 15, na kile cha Gisagara, karibu na bonde la Akanyaru tunalochangia na Burundi, kwa uwezo wa megawati 80. Burundi nayo imekuwa ikichimba nyiramugengeri tangu miaka ya 1970. Sababu zao nazielewa: nchi zetu zinahitaji umeme, na tani ya nyiramugengeri inayochomwa ni miti ambayo haikukatwa. Mtu asiyejua bei ya kuni asiwacheke waliotafuta njia.

Hata hivyo tufanye hesabu ya mwalimu. Maji ya Rugezi yanapita Ntaruka mwaka huu, na yatapita tena mwaka ujao na mwaka wa wajukuu wetu. Nyiramugengeri ikichomwa leo imekwisha, na kuirudisha mita moja ni miaka 1,000. Mmoja anaishi kwa maziwa ya ng'ombe, mwingine amemchinja. Wote wawili wamekula, lakini asubuhi inayofuata hawatalingana. Kwa hiyo mahali ambapo uchimbaji umefanyika, nashauri maji yarudishwe mapema udongo wa chini ungali upo, kabla bonde halijageuka shimo. Rugezi imetuonyesha kuwa inawezekana.

Nihitimishe kwa mambo matatu ninayoyaomba kwa wahusika, kwa heshima zote.

La kwanza, wale walioacha mashamba wawe wa kwanza, si wa mwisho, katika faida ya bonde. Kama ni chama cha ushirika cha kuvuna mafunjo na nyasi, waliotolewa bondeni ndio waanze kuandikwa. Kama kuna kibali kinachohitajika, kitolewe karibu, katika ngazi ambayo mama asiye na nauli anaweza kuifikia kwa miguu. Na mipaka ya zamu za kukata iwekwe na wao pamoja na wataalamu, kwa sababu mtu hulinda utaratibu alioutunga mwenyewe.

La pili, sehemu ndogo ya mapato ya umeme unaotokana na maji haya irudi kwenye vilima vinavyoyatunza. Hata kiasi kidogo tu kwa kila uniti, kikielekezwa kwenye samadi, mbegu na ng'ombe wa zizini kwa kaya zilizopoteza mashamba, kingekuwa jibu kwa swali la yule mjane. Wateja wa mjini wanalipia nguzo na waya. Sioni kwa nini wasilipie sifongo inayowawekea maji.

La tatu linatuhusu sisi tuliorudi, na wanaoendelea kurudi hadi leo kutoka nchi jirani. Ndugu yangu, ukifika nyumbani ukaona kilima kimejaa na bonde liko tupu, usifanye nililofanya mimi. Usiandike barua ya kuwaita ndugu zako. Bonde tupu si bonde lisilo na kazi. Linafanya kazi ambayo hukufundishwa kuiona. Nenda ukaulize kwanza maji yake yanakwenda wapi na nani anayanywa.

Yule mjane bado yupo. Watoto wake wamekuwa watu wazima, na mmoja wa wajukuu zake yuko darasani kwangu. Mwaka jana nilipofundisha utungaji niliwaambia waandike juu ya kitu kilichotoka kwao kikawafaa watu wa mbali. Mtoto yule aliandika juu ya maji ya Rugezi, jinsi yanavyofika Tanzania. Aliandika vizuri, nikampa alama za juu. Mwishoni aliongeza sentensi moja ambayo sikumfundisha: kwamba bibi yake ndiye aliyeyaachia maji hayo njia, na kwamba hajawahi kuambiwa asante.

Asante hiyo haitoshi kuwa ya mdomo. Tunadaiwa.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa sekondari kaskazini mwa Rwanda. Alisoma Tanzania akiwa mkimbizi.